Amana Mtandao, Si Wingu

"Taarifa zako za afya zitagawanywa kwa usalama na watafiti wa nchi nyingine kupitia kompyuta ya wingu." Sentensi ya namna hii imo katika fomu za ridhaa wanazosomewa wagonjwa na wazazi huku kwetu kando ya ziwa, na nasema bila kumung'unya maneno kwamba ina maneno mawili yasiyofaa: kugawana na wingu. La kwanza linamweleza mgonjwa jambo lisilo kweli. La pili halimwelezi chochote. Nimelisemea suala hili vikaoni, nimeliandikia barua, na nimejibiwa, mara nyingine kwa adabu na mara nyingine bila adabu. Sasa naliweka mbele ya wasomaji.

Jambo lenyewe msomaji analijua. Taasisi ya utafiti hainunui mashine kubwa na kuzifungia chumbani kwake. Inakodi nafasi na nguvu ya kukokotoa katika mashine za kampuni nyingine, inazifikia kwa intaneti na kulipa kadiri inavyotumia. Data zikishawekwa humo, mtafiti aliye Mwanza, aliye Kampala na aliye London wanaweza kuzifanyia kazi siku hiyohiyo. Sina ugomvi na teknolojia hiyo. Ugomvi wangu ni jina.

Tuanze na wingu lilikotoka. Wahandisi wa simu na mitandao, walipochora michoro yao, kila sehemu ya mtandao isiyohitaji maelezo waliizungushia mstari wa mawimbi na kuiacha tupu ndani. Mchoro ule ulimaanisha kwamba yaliyomo humo hayamhusu msomaji wa mchoro. Ilipofika mwaka 2006, Amazon ilianza kukodisha mashine zake na mkuu wa Google akalitaja neno hilo hadharani, na tangu hapo alama ya mafundi ikawa jina la biashara. Kwa hiyo maana ya asili ya wingu hilo ni kutojali kilichomo. Kwa fundi mwenye kalamu na karatasi, kutojali huko ni busara, kunampunguzia kazi. Kwa mama aliyempeleka hospitali ya Shirati mwanawe mwenye uvimbe wa taya, hilo ndilo jambo analotaka kulijua: habari za mtoto wangu zimewekwa wapi, na kwa nani? Tumechukua alama ya kutojali, tukaifanya jibu la swali lake.

Neno wingu lenyewe ni la Kibantu, nalo lina ukoo wa heshima. Kamusi za zamani zinalo neno uwingu, ambalo wingi wake ni mbingu. Mzizi ulianza kwa b. B hiyo imesalimika nyuma ya m katika mbingu na ikalainika kuwa w katika uwingu na wingu, kwa kanuni ileile inayotupa ulimi na ndimi. Wingu na mbingu ni ndugu wa damu. Wenzetu walioliteua wangeweza angalau kujitetea kwa hoja hiyo, lakini sijawahi kuisikia kutoka kwao. Wao walitazama neno la kigeni, wakafungua kamusi ya lugha mbili, wakachukua neno la kwanza.

Na neno haliishi kwa ukoo peke yake. Fungua gazeti siku ya msiba mkubwa utasoma kwamba wingu la simanzi limetanda. Mtu akishukiwa, amegubikwa na wingu la mashaka. Wavuvi wa Makoko na Mwigobero wakiona wingu jeusi juu ya ziwa hawafikirii usalama, wanafikiria mitumbwi iliyoko majini. Katika Kiswahili wingu ni kitu kisichoshikika, kinachopita na kuziba jua. Huwezi kumwambia Mswahili kwamba siri ya ugonjwa wake imewekwa winguni ukatazamia atulie.

Kibaya zaidi, si kweli kwamba data hizo ziko angani. Ziko ardhini, ndani ya majengo yenye walinzi na majenereta. Mawingu makubwa ya kibiashara yaliyo karibu nasi yako Afrika Kusini: Microsoft ilifungua vituo vyake huko mwaka 2019, Amazon ikafungua cha Cape Town mwaka 2020, Google ikafuata Johannesburg mwaka 2024. Yasipotumika hayo, basi ni Ireland au Ujerumani au Marekani. Kila jengo lina nchi, na kila nchi ina sheria na polisi na mahakama. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaweka masharti juu ya taarifa zinazosafirishwa nje, na swali lake la msingi ni kama nchi inayozipokea ina ulinzi wa kutosha. Kenya na Uganda zilikwisha kutunga sheria zao mwaka 2019. Nchi tatu zinazozunguka ziwa moja zinauliza swali lilelile la mahali, nasi tumechagua istilahi inayoficha mahali.

(Nitie neno hapa kuhusu sheria hiyo, kwa kuwa nimeitaja. Imemwita mwenye kuamua data zitumike vipi mkusanyaji, na mwenye kuzifanyia kazi kwa niaba yake mchakataji. La pili naliafiki; Musoma tulijifunza kuchakata kwenye viwanda vya minofu ya sangara, na maana inapita bila kamusi. La kwanza silielewi. Anayekusanya ni kijana mwenye kishikwambi anayezunguka vijijini, na anayeamua hata huko kijijini hajawahi kufika.)

Sasa kugawana. Gawa ni kutenga sehemu. Gawana ni kila mmoja kuondoka na fungu lake. Ndugu wakigawana ng'ombe wa marehemu, zizi linabaki tupu. Ndiyo maana mgonjwa anayesikia kwamba taarifa zake zitagawanywa huona kuna kitu chake kinachukuliwa na wengine, kila mtu na kipande. Wapo walioliona tatizo hilo wakakimbilia kushiriki, na leo simu zetu zinatuambia tushiriki picha, kana kwamba picha ni kikao. Wengine wakaandika kushirikishana, ambalo kisarufi halina kosa. Lakini mzizi wake wa Kiarabu, uliotupa shirika na ushirika, ndio huohuo uliotupa ushirikina, na watafiti waliopita vijijini na chupa za damu wanajua jinsi minong'ono ya ushirikina inavyoweza kuukwamisha utafiti wote. Sisemi neno lina hatia. Nasema mwenye kuchagua maneno ya kumsomea mgonjwa hana budi kusikiliza mwangwi wake.

Mkoa wa Mara una haki ya kusema katika jambo hili kuliko mikoa mingi, kwa sababu habari za afya za watoto wetu zilivuka mipaka zamani, kabla hata ya intaneti. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, aliueleza uvimbe wa taya za watoto mwaka 1958. Akataka kujua unaonekana wapi na wapi hauonekani. Alituma picha na maswali kwa posta katika hospitali za bara zima, kisha mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakaingia barabarani kwa gari lililotumika, safari ya kiasi cha kilomita 16,000 kupitia Tanganyika hadi kusini mwa Afrika, wakisimama hospitali baada ya hospitali na kuandika. Vipande vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala kwenda London, na humo ndimo mwaka 1964 kilimotangazwa kirusi ambacho leo kinabeba majina ya Epstein na Barr.

Kisha zamu ikatufikia sisi. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilitaka kupima kama malaria inachangia uvimbe huo, na eneo lililochaguliwa lilikuwa Mara Kaskazini, yaani Tarime na Rorya za leo. Kuanzia mwaka 1977 hadi 1982 watoto wa huko waligawiwa vidonge vya klorokwini, na wagonjwa wapya wakawa wanaandikwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1989. Yalitia moyo, ila hayakumaliza ubishi, kwa kuwa wagonjwa walikuwa wameanza kupungua hata kabla vidonge havijaanza kutolewa. Miongo mitatu baada ya vidonge hivyo kuanza kugawiwa, utafiti mwingine, EMBLEM, uliofanyika kati ya 2010 na 2016 chini ya Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, uliwaandikisha watoto wa Uganda, Kenya na Tanzania, na Shirati ikawamo tena.

Angalia vitenzi katika habari hiyo. Vidonge viligawanywa: mtoto alimeza chake, kikaisha. Habari za wagonjwa hazikugawanywa. Zilihesabiwa, zikarudiwa, zikalinganishwa na za nchi jirani, na hazikupungua hata herufi moja. Zilipovuka mpaka zilibaki ni habari za watoto wa Tarime na Rorya. Uvimbe huu ni adimu hata huku unakojulikana. Hospitali moja haipati watoto wa kutosha kuleta jibu, ndiyo maana data za Shirati hazina budi kukaa meza moja na za Homa Bay na za kaskazini mwa Uganda. Kuvuka mpaka si anasa ya watafiti. Ni sharti la kupata jibu. Kinachokosekana ni neno linalosema kwamba kilichovuka bado kina mwenyewe.

Neno hilo tunalo. Ni amana.

Amana limetoka Kiarabu, katika mzizi wa alifu, mimu na nuni, mzizi uliotuzalia amani, imani, amini na uaminifu, na ambao ndugu zake wa Kisemiti ndio waliotoa amina inayofunga sala, msikitini na kanisani. Amana ni kitu ulichokiweka kwa mtu akutunzie. Kinabaki chako. Aliyekipokea hana ruhusa ya kukitumia ila kwa idhini yako, na siku utakayokidai atakirudisha. Masharti yote ambayo wanasheria wa data wameyaandika kwa kurasa nyingi yamo ndani ya neno moja ambalo bibi yangu, asiyejua kusoma, alilielewa. Wala si neno la misikitini tu, kama nilivyoambiwa kwa dharau na mtu mmoja mwenye cheo: benki zetu zote huita fedha za wateja amana, na nchi hii ina Bodi ya Bima ya Amana.

Msomi mwingine alinijibu kwamba amana na dhamana ni kitu kimoja, hivyo neno langu litaleta utata. Inasikitisha jibu kama hilo kutoka kwa mtu anayelipwa kwa kazi ya maneno. Dhamana lina mzizi wake mbali, wenye dhadi mahali pa alifu, ambao umetupa dhamini, mdhamini na udhamini. Dhamana ni ahadi ya kubeba hasara mambo yakiharibika. Amana ni kitu chenyewe kilichowekwa. Mahakamani unatoka kwa dhamana. Hakuna aliyewahi kutoka kwa amana.

Utajiri wa neno hili unaonekana zaidi katika kinyume chake. Aliyepewa amana akaila ametenda hiana. Amemhini mwenye mali. Mzizi huohuo ndio uliotupa haini na uhaini. Basi data za wagonjwa zikivuja au zikiuzwa, hatuna haja ya "ukiukwaji wa data" wala "uvunjaji wa data", maneno yanayofanya ionekane kama kioo kimepasuka. Tuseme amana imehiniwa. Anayesikia ataelewa palepale kwamba kuna aliyefanya, na kwamba anapaswa kujibu.

Namalizia na sehemu ya pili ya istilahi yangu, mtandao. Linatokana na tanda, kutawanyika na kufunika, kitenzi kilekile kinachotumika wingu linapotanda. Waliopenda picha ya kutanda wanaipata humo bila kulihitaji wingu lenyewe. Muundo wa nomino mbili bila kiunganishi tumeshaukubali rasmi: tuna Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, na hakuna aliyelalamika. Kama serikali inaweza kuwa serikali mtandao, amana inaweza kuwa amana mtandao. Mwenye data ni mweka amana. Kampuni yenye mashine ni mtunza amana. Istilahi moja imezaa ukoo mzima. Na wingu limezaa nini? "Kompyuta ya wingu" inataja mashine wakati jambo lenyewe ni utaratibu wa kukodi, na "utarakilishi wa mawingu" umejengwa juu ya tarakilishi, neno lililogandishwa kwa tarakimu na akili, ambalo hata wanaouza kompyuta barabara ya Mukendo hawalitamki.

Hoja nzito iliyowahi kuletwa dhidi yangu ni kwamba amana hukaa kimya wakati wingu linafanya kazi, linakokotoa. Naijibu kwa heshima kwa sababu ililetwa kwa heshima. Fedha iliyowekwa benki hailali. Inafanya kazi humohumo, chini ya masharti, na mwenyewe bado ni wewe. Tena njia salama zaidi zinazotumika sasa katika utafiti wa afya zinaelekea hukohuko: data hazipakuliwi wala hazinakiliwi. Mtafiti wa ng'ambo anapewa chumba ndani ya mfumo, anauliza swali lake mle, na anatoka na jumla na wastani, bila mstari wa mgonjwa hata mmoja. Njia nyingine ni kulisafirisha swali lenyewe: linapita kila nchi, linajibiwa na mashine za pale, na majibu ndiyo yanayokusanywa. Huko ni kutunza amana kwa maana yake kamili. Neno kugawana haliwezi kueleza utaratibu ambao hakuna kinachogawanywa.

Pia niliambiwa data ni neno la kisasa na amana ni la kale, hayapatani. Data ni neno la Kilatini, wingi wa datum, na maana yake ni kilichotolewa. Kilichotolewa kinahitaji kujulikana kimetolewa kwa nani na kwa masharti gani. Sijui neno linalolipokea vizuri zaidi.

Kuhusu ufichaji wa data nitasema kwa ufupi, ingawa nao unanichoma. Wakubwa wa simu na intaneti wametuletea "usimbaji fiche". Mzee wa Bweri akisikia usimbaji atamfikiria simba, na fiche imebandikwa nyuma kama kiraka. Kiswahili kinayo fumba na fumbua. Kiambishi cha kutendua, kinachogeuza funga kuwa fungua na ziba kuwa zibua, kinatupa pande zote mbili za kazi kwa mzizi mmoja: data zinafumbwa zinapoondoka Musoma, zinafumbuliwa na mwenye ufunguo tu. Na mafumbo Waswahili hatukufundishwa na mtu.

Limebaki lile jibu la uvivu: wingu limeshazoeleka, tumechelewa. Jibu hilo ndilo nililopewa na kamati moja ambayo sitaitaja, kwa mstari mmoja, bila saini, baada ya kukaa na andiko langu kwa muda mrefu. Naijibu kwa mfano wa jirani. Mwana wa Butiama, aliyesoma hapa Mwisenge, alitafsiri Julius Caesar, tamthilia ya Shakespeare, na kuichapisha mwaka 1963. Mwaka 1969 aliitoa upya akiwa amerekebisha kazi yake, na hata jina akaligeuza: Juliasi Kaizari. Alikuwa Rais wa nchi, mwenye shughuli kuliko mjumbe yeyote wa kamati yoyote, na kitabu kilikuwa kimekwisha kusomwa na watu. Hakusema amechelewa. Mwaka huohuo alitoa Mabepari wa Venisi, akichukua neno lenye asili ya Kihindi la wafanyabiashara ambalo siasa za wakati ule zilikuwa zimelipa ukali mpya, na mpaka leo tunajadili uteuzi huo kwa sababu alikuwa amefikiri. Wingu kwa maana hii ni neno la juzi tu. Linaweza kuondoka.

Matumizi ni mepesi. Fomu iseme: "Taarifa zako, bila jina lako, zitafumbwa na kuwekwa amana mtandao katika mashine zilizoko Afrika Kusini. Watafiti walioidhinishwa wa nchi nyingine watazifanyia kazi humohumo. Unaweza kuomba ziondolewe."

Nawaomba wanaotafsiri fomu za ridhaa za kanda hii, na kamati za maadili zinazozipitisha, mambo mawili. Futeni wingu na kugawanywa katika fomu zijazo. Na hata mkilikataa neno langu, andikeni jina la nchi ambako data zitakaa na jina la atakayezitunza, kwa sababu mgonjwa wa Iringo, wa Bunda au wa Shirati anayetia dole gumba ana haki ya kujua amemwekea nani.